Mtamba wa Mama Mutua Katika Mahakama ya Madai Madogo

Tangu nistaafu, haipiti wiki kabla kijana hajanisimamisha hapa Mumbuni na swali la korti. Mmoja alipeleka simu kutengenezwa, fundi akaipoteza. Mwingine alimwazima jirani viti vya harusi na havijarudi. Wa juzi alikuwa na pikipiki iliyokaa kwa shemeji mpaka shemeji akaanza kuiita yake. Wote humalizia na swali lile lile: "Mwaitu, lazima nitafute wakili?" Mwaitu kwa Kikamba ni mama yangu, na ukiitwa hivyo na mtoto wa watu huwezi kumpita tu. Lakini nimechoka kusimama juani na mfuko wa viazi mkononi. Nimeamua kuandika, ninyi msome mkiwa mmekaa, na mimi nikitoka dukani nifike nyumbani.

Jibu fupi ni hapana, si lazima. Jibu refu ni kisa cha mama mmoja wa Muthetheni na ng'ombe wake, na nitakifikia. Kwanza mjue mimi si wakili. Kuna muuza nyanya hapa ambaye hunisalimia "habari, Hakimu" bila mzaha wowote, na nimeshindwa kumtoa hapo.

Nilikuwa karani wa mahakama. Nilishughulika na mafaili, niliita kesi, lakini miaka mingi ilikwenda katika kutafsiri. Shahidi anasema kwa Kikamba, mimi nageuza kwa Kiswahili au Kiingereza ili aliyekaa mbele aelewe na aandike. Aliyenifundisha ni Mzee Kimeu, karani wa zamani, mtu mkimya sana nje ya chumba cha korti. Alikuwa akisema ameshasema ya watu kutwa nzima, ya kwake yanaweza kungoja.

Mzee Kimeu alinifundisha kwamba shahidi akisema "mimi", nami niseme "mimi". Nisiseme "anadai kwamba yeye". Wiki yangu ya kwanza ilikuja kesi ya mbuzi aliyelishwa sumu, na mshtakiwa akaamua kukiri. Nikasimama nikasema kwa sauti, kama nilivyofundishwa: "Ni mimi niliyempa mbuzi sumu, kwa sababu alikuwa akila mihogo yangu kila siku, na akirudi nitampa tena." Nyuma kabisa alikuwa ameketi jirani wa mama mkwe wangu, aliyefika kwa shughuli nyingine na hakuwa akifuatilia vizuri. Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika nyumbani kwamba nimekiri mbele ya hakimu. Mama mkwe hakuniuliza lolote. Ila kwa muda mrefu, nikienda kumtembelea, mbuzi wake walifungwa upande wa pili wa boma.

Funzo lake lingine lilikuwa gumu zaidi. Alisema shahidi akitumia neno lenye maana mbili, usimchagulie. Mwambie hakimu kwamba neno hili lina maana mbili, ili yeye amwulize mwenyewe. Ukichagua wewe umekuwa shahidi, na hakuna aliyekuita. Nilikubali, lakini sikuelewa uzito wake mpaka siku ya yule mama.

Siku zile za Mzee Kimeu, mtu mdogo mwenye shida ndogo hakuwa na pa kuipeleka. Kesi ya kuku ilipangwa foleni moja na kesi ya magorofa. Watu walikuwa wakizaa, wakisomesha, bado kesi inaahirishwa. Wengi waliacha. Ndipo ikaja hii Mahakama ya Madai Madogo. Humo hupeleki kesi ya shamba, wala talaka, wala ya kufutwa kazi, wala ya mtu kukuharibia jina. Unapeleka mambo ya kuuziana vitu, ya kazi uliyolipia ikaharibiwa, ya mali yako iliyovunjwa au inayoshikiliwa na mtu mwingine, hata ya kuumizwa, mradi thamani isipite shilingi milioni moja. Anayesikiliza anaitwa mwamuzi. Ni mwanasheria kamili, lakini havai joho na hataki maneno makubwa. Sheria inamtaka amalize ndani ya siku sitini. Unaweza kwenda na wakili ukitaka. Unaweza pia kwenda na miguu yako na kusema.

Mama wa Muthetheni alikuja asubuhi, leso kichwani, viatu vikiwa na vumbi jekundu. Pale nje ya geti, kama mnavyojua, kuna vijana wenye makoti na mabahasha wanaoitwa mabroka. Mmoja alikuwa ameshamshika mkono akimwambia bila yeye faili halitaingia. Mama alimwuliza kama yeye ni wakili. Akajibu kwamba ni kama wakili. Mama akasema basi atatafuta ambaye ni wakili kweli au aende bila, akaingia. Nawaambia hili kwa sababu kila mwezi nilikuwa nikiona watu wameacha pesa ya nauli mikononi mwa hao, kwa fomu ambayo ndani tunaitoa bure.

Nilimwuliza jina. Akasema Mama Mutua. Nikamwuliza la kwenye kitambulisho, akatulia kidogo kama anayekumbuka, akasema ni Syombua. Mutua ni kifungua mimba wake.

Alitaka kunieleza yote pale kwenye dirisha la karani, na nilimwacha aseme kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Alikuwa na mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mweusi mwenye doa jeupe begani, na alikuwa na mimba. Binti yake anayeishi Syokimau alijifungua, na mama akaenda kumtunza. Ng'ombe akabaki na Mutua nyumbani. Aliporudi, zizi lilikuwa tupu na kando ya nyumba kulikuwa na pikipiki. Mutua hakudanganya. Alimwambia amemuuza ng'ombe kwa mfanyabiashara wa mifugo kule Kyumbi, na kwamba alikuwa na haki, kwa sababu mama mwenyewe alimpa ng'ombe yule siku ya kuondoka, mbele ya watu.

Mama alikwenda Kyumbi akamwona ng'ombe wake kwa macho, ndani ya boma. Mwenye boma ni Mzee Abdullahi, Msomali aliyezaliwa hapa mjini nyuma ya msikiti. Alimkaribisha chai. Akamweleza kwa adabu kwamba amenunua mchana kweupe, amelipa bei kamili, na hawezi kumrudisha ng'ombe kwa sababu mama na mwana hawakuelewana. Mama alikunywa chai yote, akashukuru, akapanda gari kuja kortini.

Akaniuliza amshtaki nani, mwanawe au Msomali. Hapo ndipo kazi ya karani inakuwa ngumu, maana mimi naruhusiwa kukuonyesha fomu na kukueleza hatua, lakini siruhusiwi kukushauri useme nini. Akaniinamia akasema kwa Kikamba kwamba mimi ni Mkamba mwenzake, nimsaidie. Nilimjibu kwamba kesho mwenye boma naye atakuja dirisha hili hili, na nitamsaidia kwa kiasi hicho hicho. Hakupenda. Nikamwuliza tu anachotaka ni nini. Akasema, ng'ombe. Nikamwuliza ng'ombe yuko kwa nani. Akafikiri, akasema, "Basi ni huyo."

Ninyi mnaouliza, hapo ndipo pa kuanzia. Jiulize unataka nini kirudi au kilipwe, na kiko kwa nani. Ukimshtaki uliyemkasirikia badala ya aliye na kitu chako, utatuliza hasira na kitu kibaki kule. Na kesi inafunguliwa pale jambo lilipotokea au anapoishi unayemdai. Muthetheni ni mbali, lakini ng'ombe alikuwa Kyumbi, hapa karibu na korti yetu, kwa hiyo alifika mahali pake.

Siku hizi faili linaingia kwa mtandao. Mama alikwenda saiba ya karibu, duka la kompyuta, na binti wa pale, mwerevu na mwenye huruma, akamwandikia madai kwa Kiingereza cha kuumiza meno. Aliandika kwamba mdaiwa kwa hila na roho mbaya alipanga kumdhulumu. Mama akaomba asomewe kwa Kiswahili. Aliposomewa akasema atoe hayo. Binti alinisimulia baadaye maneno aliyoambiwa: "Roho yake siijui. Andika ako na ng'ombe wangu, na nataka arudi." Ikawa hivyo. Nimesoma madai mengi ya mawakili katika maisha yangu, na machache yalifika pale yalipotaka kufika upesi kama yale.

Ushahidi nao alitafuta mwenyewe. Alimleta jirani aliyemuuzia ng'ombe akiwa ndama. Na akaleta picha kwenye simu ya binti yake, ya siku padri alipokuja kubariki nyumba. Kila mtu katika picha ile anamtazama padri, isipokuwa ng'ombe mweusi mwenye doa begani, ambaye anamtazama mpiga picha. Mwamuzi aliomba ikuzwe, akaitazama kwa muda kuliko ilivyohitajika, na nilimwona akijizuia kucheka.

Halafu kuna kumpelekea mdaiwa samansi, hati ya kumwita kortini. Usidhani kufungua kesi kunatosha, mwenzako lazima ajue na apewe nafasi ya kujibu, na lazima uweze kuonyesha kwamba alipata. Mama alimpelekea Mzee Abdullahi akiongozana na mzee wa kijiji cha pale. Abdullahi alisoma, akatia sahihi, akaagiza chai tena. Naye alikuja dirishani kwangu na jibu lake, bila wakili, akaandika madai yake upande wa pili: kwamba tangu amnunue ng'ombe amemlisha, na kwamba ng'ombe ameshazaa ndama bomani kwake, na nyasi za Kyumbi si za bure. Alipomaliza akanisalimia kwa Kikamba safi kuliko cha watoto wangu, akaniuliza kama anaweza kupata nakala ya ile picha ya padri.

Shahidi wake alikuwa mmoja tu. Nilipoliona jina kwenye karatasi nililisoma mara mbili. Shahidi wa Abdullahi alikuwa Mutua.

Chumba cha madai madogo ni kidogo kweli. Meza, skrini, viti, benchi mbili. Mwamuzi alikuwa dada wa umri mdogo kutoka magharibi ya nchi, mwenye sauti ya chini na masikio makali. Kikamba hakujua, na mama hakutaka kusema kwa Kiswahili. Alisema Kiswahili chake ni cha sokoni, na hapa si sokoni. Sheria inaruhusu, kwa hiyo nikasimama kati yao. Sasa fikirieni hali ilivyokuwa. Mama, Mutua na Abdullahi wote walikuwa wanaelewa Kikamba. Mtu pekee aliyenihitaji ni mwamuzi. Kila neno lililosemwa, wale watatu walilisikia mara mbili, kwanza kutoka kwa mwenyewe, halafu kutoka kwangu.

Mama alieleza vizuri. Safari ya Syokimau, mjukuu, zizi tupu. Alipofika siku ya kuondoka akaeleza kwamba alimwita Mutua nje, jirani akiwepo, akamwonyesha ng'ombe. Na hapo akatumia neno la Kikamba ambalo ni kunenga. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Kunenga ni kumpa mtu kitu. Unamnenga mtu zawadi ikawa yake. Unamnenga mtu jembe alishike ukivua koti. Neno ni hilo hilo. Nikisema "nilimpa", nimempa Mutua ng'ombe. Nikisema "nilimwachia", nimempa mama kesi. Moyoni nilijua alichomaanisha, au nilidhani najua. Kalamu ya mwamuzi ilikuwa juu ya karatasi ikiningoja.

Nilimwambia kwamba neno alilotumia mdai lina maana mbili katika Kikamba, kumpa mtu kitu kiwe chake, na kumpa kitu mkononi, na kwamba mimi siwezi kuchagua. Mwamuzi akaweka kalamu chini. Akamgeukia Abdullahi, akamwuliza kama anaelewa Kikamba na kama anakubaliana na tafsiri hiyo. Angeweza kusema hapana. Kesi yake yote ilikuwa imekaa juu ya ile maana ya kwanza. Mzee Abdullahi alishika kidevu chake kidogo.

"Ni kweli linabeba zote mbili," akasema. "Aulizwe mwenyewe."

Mwamuzi akauliza, nami nikageuza: ulimpa awe wake, au ulimpa akutunzie?

Vijana, nimesikia watu wakikiri mambo mazito katika vyumba vile, lakini sijaona mtu akichukua muda kama ule kwa swali jepesi namna ile. Mutua alikuwa kwenye benchi ya pili, mabega yake yameinama. Mama akisema alimpa awe wake, mwanawe anatoka pale mtu safi, na ng'ombe anabaki Kyumbi. Akisema alimpa amtunzie, ng'ombe anarudi, na mbele ya watu mwanawe ameuza kisicho chake. Sote tuliokuwa mle tuliliona. Mwamuzi hakumharakisha.

Mwishowe akasema, akimtazama mwamuzi na si mtu mwingine, nami nikasema baada yake: "Nilimpa kama unavyompa mtu mtoto ashike ukijifunga leso. Humpi mtoto."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi: "Na sijasema yeye ni mwizi. Hilo neno lisiandikwe."

Mwamuzi akaandika. Akamwambia halitaandikwa.

Zamu ya Mutua ilipofika alikula kiapo, akasema kwa Kiswahili kwamba mama alimpa ng'ombe, kwamba yeye ndiye aliyemchungia tangu akiwa ndama, alimkatia nyasi wakati wa kiangazi, alimpeleka kupata dawa. Yote hayo yalikuwa kweli, na mama alikuwa akiitikia kwa kichwa. Alisema alielewa amepewa kwa sababu ya kazi hiyo. Nilimwamini nusu. Nadhani naye alijiamini nusu.

Sasa, ukienda bila wakili, kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii wakiwa nyumbani. Shahidi wa upande wa pili akimaliza, wewe ndiye wa kumwuliza maswali. Hakuna mtu wa kukusemea. Nimeona watu wazima wakisimama hapo wakaanza kutoa hotuba au kutukana, na mwamuzi akawarudisha kwenye viti. Swali ni swali. Lijue kabla hujasimama, na liwe moja au mawili.

Mwamuzi alimwuliza Mama Mutua kama ana swali kwa shahidi. Nilitumaini angesema hana. Akasimama, akashika meza.

"Mutua," akasema kwa Kikamba, "siku ya soko Muthetheni, ng'ombe wanauzwa pale karibu na kwetu, unasikia mlio wao ukiwa jikoni. Kwa nini ulimpeleka mpaka Kyumbi?"

Nikaligeuza kwa Kiswahili, kwa mdomo wangu, nikiwa nimemtazama mwamuzi ili nisimtazame kijana. Alikuwa amelisikia swali mara moja, na sasa likamjia mara ya pili. Mwamuzi akamkumbusha kwamba ameulizwa.

Mutua akajibu kwa Kikamba, ingawa alikuwa ameanza kwa Kiswahili. Nikatafsiri: "Kwa sababu Muthetheni wangeniuliza mama yangu yuko wapi."

Mama alikaa. Hakuwa na swali jingine.

Mwamuzi aliwapa nafasi ya kuzungumza wenyewe kabla ya uamuzi, kama desturi ya pale ilivyo, na walijaribu nje kwenye veranda. Walielewana juu ya ng'ombe karibu mara moja. Abdullahi alikiri kwamba siku ya kununua alimwuliza Mutua barua ya chifu ya kuthibitisha kwamba ng'ombe ni wake, Mutua akaahidi kuileta, na yeye akamwamini kwa sababu ng'ombe alikuwa mzuri na kijana alikuwa na heshima. Lakini juu ya ndama walishindwana. Abdullahi alisema amezaliwa mikononi mwake, yeye ndiye aliyemvuta miguu alipokwama. Mama alisema mimba ilitoka Muthetheni. Wakarudi ndani.

Uamuzi ulikuja kabla ya wiki kuisha. Ng'ombe alikuwa wa Syombua na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumuuza, kwa hiyo arudishwe. Ndama anamfuata mama yake. Abdullahi alikuwa amelisha, lakini pia alikuwa akikamua tangu ng'ombe azae, kwa hiyo nyasi na maziwa vikafutana. Alichopoteza katika bei aliyolipa, ana haki ya kumdai aliyemuuzia, kwa kesi yake mwenyewe.

Abdullahi aliinamisha kichwa tu. Hakukata rufaa. Alimwambia mama ndama bado hawezi kutembea mwendo mrefu, akawapeleka kwa pikapu yake mwenyewe mpaka Muthetheni. Wapo watakaowaambia kwamba ukishinda ndiyo kazi inaanza, kwa sababu mdaiwa hukataa kutoa, na unarudi kortini kuomba hati ya kushika mali. Ni kweli, nimeona mara nyingi, na mjiandae. Lakini huyu hakuwa wa namna hiyo.

Mama alipita dirishani kunishukuru. Nilimwambia hongera kwa sababu ndilo neno linalosemwa. Akaniambia Mutua amefunga vitu vyake na kwenda Mlolongo, na hajui analala wapi. Hakuwa akinilaumu. Aliniambia tu, kama anayemaliza maelezo ya kesi. Lilinikaa moyoni. Nyumbani jioni ile nilijiuliza ingekuwaje kama ningesema tu "nilimpa", nikaacha mambo yaende. Asubuhi nilirudi kazini.

Mwaka huo huo, nikikaribia kustaafu, Mzee Abdullahi alirudi na faili jipya. Mdai, yeye. Mdaiwa, Mutua. Alilijaza mwenyewe, hakuniuliza hatua hata moja. Nitawaambia sasa hivi walivyomalizana, ili msiwe na wasiwasi: walikubaliana bila kusikilizwa, Mutua awe analipa kidogo kidogo kutokana na kazi ya pikipiki, na mwamuzi akayatia makubaliano yao muhuri. Kwa ninavyosikia, analipa.

Lakini nataka mjue jinsi asubuhi ile ilivyoanza. Mutua alifika mapema kutoka Mlolongo, amekonda, akaketi kwenye benchi ya mbele peke yake, begi kando yake. Abdullahi akaketi upande wa pili. Kesi ilipoitwa, mlango ukafunguliwa na Mama Mutua akaingia, viatu vyenye vumbi lile lile, akasimama nyuma.

Mwamuzi alimkumbuka. Akaniambia nimwulize yeye ni nani katika shauri hili, kwa kuwa si mdai, wala mdaiwa, wala hakuandikwa kuwa shahidi. Nilimwuliza. Alijibu pale pale aliposimama, na nikageuza:

"Mimi si kitu katika hii kesi. Nimekuja ili asikae peke yake."

Mwamuzi akasema anaweza kukaa popote. Mama akatembea mpaka mbele. Mutua hakuinua uso. Alichukua begi lake kutoka kwenye benchi, akaliweka chini.